Heri ya Saba Saba

Mwaka wangu wa kwanza Nairobi nilimtakia mama wa kioski heri ya Saba Saba, naye akanitazama kama mtu aliyetakiwa heri ya msiba.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka 2014. Nilikuwa na miezi mitatu Kangemi, nimehamia kikazi kutoka Dar es Salaam, na bado nilikuwa nasema "naomba" na "samahani" kwa kila kitu, mpaka makanga wa matatu wakaniita Mtanzania kabla sijawaambia natoka wapi. Nikashuka kununua maziwa na mkate. Mama alikuwa anafunga dirisha la kioski saa mbili kasoro, wakati ambao siku nyingine huwa hashiki hata simu kwa wingi wa wateja.

"Mbona unafunga mapema, mama?"

"Kwani wewe unaenda wapi? Hujui leo ni Saba Saba?"

"Najua sana. Heri ya Saba Saba, mama!"

Mkono ukabaki kwenye komeo. "Heri gani hiyo? Shika maziwa yako urudi kwa nyumba, na usitoke mpaka jioni."

Nikarudi. Redio ikanifahamisha nilichopaswa kujua tangu jana yake: upinzani una mkutano Uhuru Park, polisi wamejaa mjini, wenye maduka wengi hawakufungua. Nikampigia dada yangu Dar. Alichelewa kupokea, na alipopokea nilisikia muziki, vipaza sauti viwili vinavyoshindana, na mtoto anayelilia aiskrimu. Alikuwa uwanjani. Ananunua masufuria.

"Huko kwenu hamna Saba Saba?" akaniuliza.

"Ipo," nikamwambia. "Ila ya huku wanaifungia milango."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuikodolea macho tarehe 7 Julai. Kila inapokaribia hukusanya mambo yake kama wenzangu wanavyokusanya stempu. Ni mengi kuliko yanavyoweza kukaa kwa amani ndani ya siku moja.

*

Nimekulia Mtoni kwa Aziz Ali. Mtu wa Dar haelekezwi. Kwa wengine, ni upande wa Temeke, kwenye Barabara ya Kilwa, mahali ambapo ukitoka kwa miguu unafika viwanja vya maonyesho bila kulipa nauli. Jina rasmi ni Viwanja vya Mwalimu Nyerere. Sijawahi kumsikia konda akiliita. Anaita "Saba Saba! Saba Saba wa kushuka!" Kwa hiyo kwetu watoto Saba Saba haikuwa tarehe, ilikuwa mahali. Uliweza kwenda Saba Saba mwezi wa pili, ukaona geti limefungwa na mbuzi wanakula majani.

Mwisho wa Juni geti likafunguliwa, na mtaa mzima ukabadilika. Mama alikuwa na bahasha ya Saba Saba kama watu walivyo na bahasha ya ada. Nguo mpya tulipata mara mbili kwa mwaka, na mara moja ilikuwa hii. Tulikuwa na ratiba isiyoandikwa: kwanza banda la Magereza, kwa sababu mama alipenda kukaa kwenye makochi yao na kuuliza bei bila nia ya kununua, kisha JKT, kisha Maliasili, ambako kulikuwa na simba kwenye kizimba, amelala, hata umrushie nini hageuki. Baba alikuwa akituacha hapo akaenda kutazama mashine za kukamua alizeti. Hatukuwa na shamba la alizeti. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kuwa nalo.

Na juu ya yote, kipaza sauti cha watoto waliopotea. Kwa watu wa umri wangu hiyo ndiyo sauti ya Saba Saba: "Mtoto wa kiume, amevaa shati la mistari na ndala mguu mmoja, hajui jina la baba yake ila anasema anaitwa Baba." Uwanja mzima ulicheka, na kila mzazi akageuka kuhesabu wa kwake.

Mwaka mmoja mtoto huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka sita au saba. Yule mtangazaji akaniuliza jina langu, nikalia, jina la baba, nikalia zaidi, unakaa wapi, nikapata sauti: "Kwa Aziz Ali." Akashika kipaza sauti, akatangaza kwa uhakika wote: "Mzazi Aziz Ali, tafadhali njoo ofisini umchukue mtoto wako." Akarudia mara tatu. Baba alinikuta nimenyamaza, nakula ubuyu niliopewa kunibembeleza, na kwa miaka mingi baadaye nyumbani niliitwa mtoto wa Aziz Ali.

Nilikuwa mtu mzima, tena nimeshahama nchi, nilipokuja kujua kwamba Aziz Ali alikuwa na watoto kweli. Mmoja aliitwa Dossa. Na tarehe 7 Julai 1954 Dossa Aziz alikuwa miongoni mwa watu 17 walioketi kwenye nyumba ya chama, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, wakaanzisha TANU. Yaani siku ile yule mtangazaji alikuwa anamwita mzee ambaye mwanawe ni mmoja wa waliotuwekea hiyo sikukuu. Hakuna aliyejua, si yeye, si baba, wala yale maelfu ya watu waliobeba mabeseni ya plastiki.

*

Nimejaribu mara nyingi kuiona Jumatano ile ya 1954. Chama kilichoitangulia TANU, Tanganyika African Association (TAA), kilikuwa na miaka ya kutosha nyuma yake. Mzizi wake ni African Association ya 1929. Kilichofanyika Julai ile ni kukigeuza kutoka chama cha ustawi na malalamiko kuwa chama cha siasa waziwazi. Wajumbe walitoka majimboni. Alikuwepo Japhet Kirilo, Mmeru aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kueleza namna watu wake walivyoondolewa kwenye ardhi yao. Alikuwepo Germano Pacha, Joseph Kimalando, Patrick Kunambi, John Rupia mwenye fedha zake, na ndugu wawili wa Kariakoo, Abdulwahid na Ally Sykes. Alikuwepo Saadani Abdu Kandoro, ambaye alikuwa malenga. Namtaja kwa makusudi: katika watu 17 walioanzisha chama cha kudai uhuru, mmoja kazi yake ilikuwa kupanga vina na mizani. Na alikuwepo mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere, aliyechaguliwa kuwa rais wa chama. Mwaka uliofuata aliacha ualimu.

Mwanamke hakuna hata mmoja katika ile orodha. Bibi Titi Mohamed alikuja muda mfupi baadaye, na alichokileta hakikuwemo chumbani siku ile. Alikuwa mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, anajua kila nyumba yenye kungwi na kila ua wenye kisima. Wanawake wa lelemama walianza kununua kadi kwa wingi kuliko wanaume wenye ajira, ambao serikali ya kikoloni iliwakataza kujiunga wakiwa watumishi wake. Mtu akiniuliza ni nani aliyeifanya TANU iongee Kiswahili, huwa naanza na huyu mama kabla ya kumtaja Mwalimu.

Maana jina lenyewe la chama, tukubali tusikubali, ni la Kiingereza. TANU ni herufi za Kiingereza, Tanganyika African National Union. Tumezizoea mpaka tumezipa sauti ya kwetu, tá-nu, kama namba tano iliyochelewa, na sidhani kama bibi yangu aliyekuwa na kadi aliwahi kujiuliza kila herufi inasimama badala ya nini. Walichokielewa ni "Uhuru na Umoja". Hilo lilikuwa Kiswahili na halikuhitaji mkalimani Bukoba wala Lindi.

Baada ya uhuru tarehe ile ikawa sikukuu. Baba alikuwa akisimulia maandamano ya shule, halaiki, jua la saa sita, na soda moja kwa watoto wawili. Ilikuwa siku ya chama, ikawa pia siku ya wakulima, na maonyesho ya mazao yakaingia. Kisha mwaka 1977 TANU yenyewe ikafa. Iliungana na Afro-Shirazi ya Zanzibar kuzaa CCM, na angalia tarehe waliyoichagua: 5 Februari. ASP ilianzishwa 5 Februari 1957. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Viongozi wetu wa zamani hawakuacha kalenda ijiandike yenyewe. Walirundika tarehe juu ya tarehe kama mtu anayepanga magunia ghalani, ili anayetafuta moja ajikwae kwenye mengine.

Saba Saba ikabaki bila chama chake. Kwa muda hilo halikuonekana. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ikawa vigumu taifa zima kupumzika kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya chama kimoja ambacho mrithi wake yuko kwenye kinyang'anyiro. Wakulima wakahamishiwa Nane Nane, mwezi wa nane tarehe nane, jina likinakiliwa kama mdogo anayevaa shati la kaka yake. Saba Saba ikawa ya wafanyabiashara. Mwaka 2025 yalifanyika maonyesho ya 49.

Sisemi ilikuwa hila. Pengine ilikuwa njia ya adabu ya kuiokoa sikukuu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka uwanjani, mtaani kwa baba wa mwasisi, aliijua Saba Saba kwa harufu ya bisi tu.

*

Sasa rudi Nairobi.

Mama wa kioski hakuwa na haja na mwaka 1954. Saba Saba yake ni ya 1990, na alikuwa na sababu zake: wakati ule alikuwa msichana anayeuza mitumba Gikomba, na Gikomba iko pua na mdomo na uwanja wa Kamukunji.

Alinisimulia kwa vipande, baada ya kunizoea. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982, kwa kifungu cha 2A cha katiba. Mwezi wa pili mwaka 1990 waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa, na nchi ikawa inanong'ona. Tarehe 3 Mei waliokuwa mawaziri wawili, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakaita waandishi wa habari na kusema hadharani kilichokuwa kinasemwa vyumbani: mfumo wa chama kimoja uondoke. Rubia hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Matiba alikuwa ametoka mwenyewe serikalini. Wakatangaza mkutano Kamukunji. Tarehe: Jumamosi, 7 Julai.

Kibali kikakataliwa. Tarehe 4 wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, na siku hizohizo Raila Odinga naye. Kwa hesabu ya serikali, mkutano usio na kibali wala wasemaji ulikuwa umekwisha.

"Lakini watu walienda," mama alisema. "Hakuna aliyewaambia mkutano umekufa. Ama waliambiwa wakaenda tu."

Walikwenda, wakakutana na marungu, gesi ya machozi na risasi. Ghasia zilidumu siku kadhaa na kuvuka Nairobi mpaka Nakuru, Kiambu, Murang'a, Nyeri. Zaidi ya watu 20 walikufa. Mama alifunga mitumba yake kwenye shuka, akaibeba kichwani mpaka Kangemi kwa miguu, kilomita zisizopungua kumi, kwa sababu matatu hazikuwepo. Kutoka siku hiyo hakurudi Gikomba. Alifungua kile kioski. Kwa hiyo hata kioski chenyewe, ukitaka kusema hivyo, ni mtoto wa Saba Saba.

Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakupona sawasawa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata Matiba aligombea urais akawa wa pili nyuma ya Moi. Alifariki 2018, Rubia 2019. Na Kamukunji likawa neno. Wakenya husema "tulikuwa na kamukunji" wakimaanisha kikao cha haraka, wabunge chini ya mti, wanafunzi bwenini, hata mafundi wanaodai malipo. Sisi Tanzania Saba Saba iligeuka mahali. Kwao mahali pa Saba Saba paligeuka kitendo.

Kuna na mji Murang'a unaitwa Saba Saba. Nilipita nikiwa kwenye basi, nikaona kibao, nikacheka peke yangu mpaka jirani akasogea.

Na kuna mzee wa Kiganda tuliyefanya naye kazi, mtu wa maneno machache. Siku moja nilipotaja Saba Saba mezani akaweka kikombe chini. "Hiyo ni bunduki," alisema. Kwao, mizinga ya roketi ambayo jeshi la Tanzania liliingia nayo Uganda mwaka 1979 iliitwa saba saba. Alikuwa mtoto Masaka, alijifunza jina hilo chini ya kitanda. Nikaomba radhi, sijui kwa niaba ya nani.

*

Ni sauti, nadhani. Ingekuwa tarehe 9 Julai hakuna ambaye angeirudia hivyo mdomoni. Kiswahili kinahesabu miezi kwa namba, mwezi wa saba, na siku kwa namba, tarehe saba, na zikikutana unapata neno ambalo mtoto wa miaka mitatu analishika. Wazee wa pwani walikuwa na desturi hiyo kabla ya serikali yoyote: Maulidi ni mfungo sita, na kila mtu anajua bila kufungua kalenda. Namba inabeba siku vizuri kuliko jina la mtu, kwa sababu mtu huweza kuja kutukanwa.

Si sisi peke yetu. Wachina wana saba saba yao, na wanaiita hivyohivyo kwa lugha yao: tukio la saba saba, usiku wa 7 Julai 1937 kwenye daraja la Lugou karibu na Beijing, ambapo mapambano na wanajeshi wa Japani yaligeuka vita kamili iliyoendelea mpaka 1945. Na ng'ambo ya bahari, Japani, tarehe 7 Julai sehemu nyingi ni Tanabata: watu huandika maombi yao kwenye vikaratasi vya rangi na kuvitundika kwenye mianzi, kwa ajili ya wapenzi wawili wa mbinguni, mfumaji na mchunga ng'ombe, waliotenganishwa na mto wa nyota na kuruhusiwa kuonana usiku mmoja tu kwa mwaka. Nyumba moja inaning'iniza vikaratasi, jirani anawakumbuka wafu wake, na vifo hivyo vimetokana na vita kati yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria dada na masufuria yake. London nako, ukiandika 7/7, watu wanakumbuka mabomu ya 2005 na wenzao 52 waliokwenda kazini wasirudi.

Pamplona, Hispania, wanakimbizwa na mafahali siku hiyohiyo. Hilo nimeshindwa kulipanga na lolote.

*

Kisha kuna zile Saba Saba za makaratasi, ambazo hakuna anayezifungia mlango wala kuzinunulia nguo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kufanya kazi 7 Julai 2000, Ijumaa. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977, mwaka uleule wa CCM, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Kazi niliyokuja kuifanya Nairobi, kibali nilichopewa, lori la nyanya linalopita Namanga, vyote vina uzi uliofungwa siku ile. Sijawahi kuona mtu akiisherehekea. Wafanyakazi wenzangu niliwauliza mwaka mmoja, mtu wa forodha akasema alidhani Jumuiya "imekuwepo tu".

Ya mwisho ni ya lugha yenyewe. Tarehe 23 Novemba 2021 mkutano mkuu wa UNESCO, Paris, uliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku yake na Umoja wa Mataifa, lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 200. Na sababu iliyotajwa ya kuchagua siku hiyo ni TANU: kwamba chama kile kilikifanya Kiswahili chombo cha kuunganisha watu katika kudai uhuru. Kwa hiyo wale watu 17 wamerudi, safari hii kwa mlango wa sarufi.

Nilifurahi, nisifiche. Siku ya kwanza, Alhamisi ya 2022, niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la ofisini, Kiswahili kitupu, bila hata "okay". Nikajibiwa na Wakenya wawili. Mmoja: "Wueh, umetuwekea insha." Wa pili, kijana wa Dandora: "Kaka, Saba Saba ni ya Matiba. Tafuteni siku yenu."

Nilitaka kumjibu kwamba sisi ndio tuliotangulia, miaka 36. Nikaandika, nikafuta. Kwa sababu nilikumbuka Lumumba mwaka 1954 walikaa kufanya nini. Walikaa kudai, na mwenye nchi hakupenda. Nikiyaweka mezani mambo ya Saba Saba nchi zote mbili, linalofanana na asubuhi ile ya 1954 zaidi kuliko yote ni lile la Kamukunji, si lile la viwanja vya Barabara ya Kilwa. Tarehe tunayo sisi. Shughuli yake wamebaki nayo wao. Yule kijana hakuwa amesoma historia ya TANU hata ukurasa, na bado alikuwa karibu na Dossa Aziz kuliko mimi niliyelala miaka ishirini kwenye mtaa wa baba yake.

Hili dada yangu halikubali. Anasema watu wakishapata walichodai wana haki ya kwenda kununua masufuria, na kwamba simba aliyelala ni bora kuliko simba aliyeamka. Tumebishana juu yake sikukuu tatu mfululizo.

*

Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia tena Jumatatu. Wiki mbili kabla, tarehe 25 Juni, vijana walikuwa wameingia barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja nyuma yake, na wengine wakauawa siku hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na shaka. Jumapili jioni nilimkuta mama wa kioski anahamisha unga na mafuta kuyapeleka ndani. Kioski sasa kina rangi mpya ya kampuni ya simu, lakini komeo ni lilelile.

"Heri ya Saba Saba, Mtanzania," akaniambia mwenyewe, bila kucheka. Imekuwa salamu yetu.

Asubuhi barabara za kuingia mjini zilikuwa zimezibwa. Waiyaki Way ilikuwa tupu kama ya mwaka wa corona. Kigali walikuwa wanaadhimisha Siku ya Kiswahili kwa niaba ya Afrika Mashariki, niliona picha za meza kuu na maua. Kufika saa tano, kutoka kwenye roshani yangu nilisikia Kangemi imeanza: kwanza filimbi, kisha milio. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa idadi kesho yake, waliokufa 31, na baadaye ikapanda kufika 38. Wakati ule sikujua idadi yoyote. Nilijua tu kwamba kila mlio ulikuwa na jibu lake la mawe juu ya mabati.

Simu ikaita kwa video. Dada, yuko uwanjani, kamera inatikisika, mwanawe wa miaka saba amening'inia begani anataka kushika simu. Nyuma yao bango, watu, ofa ya majiko ya gesi, na kipaza sauti kilekile cha miaka yote, mtoto wa kike, gauni la njano, amesuka mabutu.

"Mjomba, shikamoo! Tumekuja Saba Saba!"

"Marahaba, baba. Umeona nini?"

Akaanza kuhesabu: trekta, askari wa mbwa, mtu aliyevaa kama mswaki. Milio miwili ikapiga karibu, mpaka kioo cha dirisha kikatetema. Akanyamaza, akasogeza sikio kwenye simu.

"Mjomba, na huko kwenu kuna fataki?"

Dada alikuwa ameshaelewa. Nilimwona anaichukua simu. Nikamwambia mtoto awahi banda la Maliasili, amwangalie simba kabla hajalala.